Kuhusu Kunipunguzia Pensheni kwa Sababu ya Kahawa ya Hilje

Kwa Ndugu Mkuu wa Ukaguzi,
Ofisi ya Pensheni za Wazee,
Groningen.

YAH: KUPINGA UAMUZI KWAMBA NINAISHI NA HILJE WIERSUM

Ndugu Mkuu,

Natumaini barua hii itakufikia ukiwa umekwisha kunywa kahawa ya asubuhi, maana mtu ambaye hajanywa kahawa asipewe mambo ya wenzake ayaamue.

Anayekuandikia ni Wubbo Drenth wa Oldehuizen, mwanamume mpweke kuliko wote katika mkoa mzima wa Groningen. Tangu mke wangu Geesje alipotangulia mbele ya haki, hakuna mguu wa mwanamke uliovuka kizingiti changu, wala mguu wangu haujavuka cha mwanamke. Watu hutoka vijiji vya mbali, juu ya baiskeli zao, kuja kuutazama upweke wangu, na wakirudi makwao husimuliana.

Hapo nimetia chumvi. Naona heri niseme mwenyewe kabla mkaguzi wako, Bwana Jelmer Hoving, hajakusemea. Hakuna aliyetoka mbali. Na miguu yangu, yote miwili, imekuwa ikivuka kizingiti cha Hilje, nyumba ya tatu kutoka kwangu, tangu ile baridi ya mwaka juzi mfereji ulipoganda mpaka bata wakawa wanatembea kama sisi. Lakini kuvuka kizingiti ni jambo moja, na kuishi ni jambo jingine. Mtu wa posta huvuka vizingiti vya kijiji kizima na sijasikia mmemkata chochote.

Nimeisoma barua yenu. Shule niliiacha nikiwa bado mdogo, kwa makubaliano kati yangu na mwalimu, kwa hiyo nimeisoma polepole, na mahali pengine nimeisoma kwa hasira. Mnasema mimi na Hilje ni "watu wawili wanaoendesha nyumba moja na kutunzana", na kwamba kwa sababu hiyo sistahili tena pensheni ya mtu anayeishi peke yake, ambayo ni nene, ila ile ya mtu mwenye mwenzake, ambayo imekonda. Hilje naye mmemwandikia hivyo hivyo.

Nikueleze lililotokea siku barua zilipofika, upate kujua mmefanya nini. Hilje alifungua ya kwake jikoni. Akanitazama mimi, akaitazama barua, akanitazama tena, kama mtu anayechagua atupe kipi kwanza.

"Wubbo," akasema, "chukua viatu vyako urudi kwako."

"Kahawa yangu je?"

"Kanywee kwako. Kodi ya nyumba hii nailipa kwa pensheni yangu mwenyewe. Sikubali maofisa waje kuhesabu soksi kabatini mwangu kwa ajili ya mzee anayekoroma kama trekta."

"Sasa mpaka lini, Hilje?"

"Mpaka serikali iseme wewe si wangu!"

Akafunga mlango. Kisha akafanya jambo ambalo halijapata kufanywa katika mtaa wetu: akafunga na pazia. Wewe ni mtu wa huku, Ndugu Mkuu, unajua. Kwetu pazia halifungwi. Taa inawashwa, dirisha liko wazi, na apitaye anaona sahani, karata mezani, na mzee kwenye kiti chake, ili ajue humu hamna linalofichwa. Pazia la Hilje lilipofungwa, jirani yake wa ng'ambo, Fenna Bolhuis, alivuka barabara na malapa miguuni kuja kuniuliza maziko ni lini.

Basi jambo langu ndilo hilo, na limenyooka. Ili nirudi kwa Hilje, ni lazima ofisi yako ithibitishe kwamba siko kwa Hilje. Nakuomba uthibitishe upesi, kwa sababu nyumba yangu ni baridi na redio yangu inasema peke yake. Ushahidi wenu wote ni batili, nami nitauvunja mmoja mmoja.

1. Kuhusu mswaki.

Bwana Hoving ameandika kwamba bafuni kwa Hilje mna miswaki miwili, mmoja wa kijani na mmoja wa bluu, na kwamba wa bluu ni wangu. Hili ni kosa kubwa la kitaalamu. Mswaki ni wa kusafishia meno, na mimi meno sina. Niliyo nayo ni ya bandia, na ule wa bluu ni brashi ya kuyasugulia. Kwa hiyo bafuni kwa Hilje hamna mswaki wangu hata mmoja. Kuna brashi yangu, kuna bilauri ambamo meno hulala, na kuna dawa yake, basi. Meno yakilala mahali, haimaanishi mwenyewe amelala hapo. Mara nyingi amelala, lakini haimaanishi.

2. Kuhusu maji.

Mmekwenda kwenye mita yangu ya maji mkakuta haisogei. Mnasema nyumba isiyotumia maji haina mtu. Ndugu Mkuu, mimi ni mtu wa Groningen. Baba yangu alikuwa akinawa uso kwa ukungu. Sisi hatuyachezei maji, na mimi hasa siyachezei, kwa sababu bomba langu la kuogea hutoa maji kama mzee anayelia kwa aibu, ilhali la Hilje linamwaga vizuri, tena ya moto. Kwa hiyo naoga kule. Nguo nazo hufuliwa kule, kwa kuwa mashine ipo kule. Chakula nacho hupikwa kule kwa kuwa Hilje yuko kule. Nikirudi kwangu niko safi, nimeshiba, na nguo zimenyooshwa; sasa maji niyafanyie nini? Niyafungulie tu yatiririke ili ofisi ifurahi? Mnataka niwe mbadhirifu ndipo mniite mkweli?

3. Kuhusu viatu vya mbao vilivyokutwa mlangoni pa Hilje.

Ni vyangu. Naendelea na hoja ya nne.

4. Kuhusu kalenda ya chooni.

Bwana Hoving aliomba kwenda chooni. Hilje, mwanamke mstaarabu, akamwonyesha mlango. Akakaa humo muda mrefu mpaka tukawa na wasiwasi na tumbo lake, kumbe anasoma. Alitoka na ushahidi: kwamba kwenye kalenda ya siku za kuzaliwa ya Hilje limo jina langu.

Naomba kuuliza, choo cha kwako hakina kalenda? Mtu wa huku ataikumbuka vipi siku ya kuzaliwa ya shangazi yake kama hakai mbele ya jina lake kila asubuhi? Kwenye kalenda ya Hilje wamo dada zake, wamo majirani, yumo fundi wa madirisha, yumo daktari wa mifugo ambaye alimtibu mbuzi aliyekwisha kufa zamani. Wote hao anaishi nao? Nyumba yenyewe ina chumba kimoja cha kulala.

Ameandika pia kwamba kando ya jina langu pamechorwa moyo mdogo mwekundu. Nimemuuliza Hilje. Anasema ni tufaha.

5. Kuhusu hongera.

Hili limeniuma kuliko yote, kwa sababu mkaguzi wako ametuchukulia mila yetu akatufanyia kesi nayo.

Bwana Hoving alikuja kukagua siku ya kuzaliwa ya Hilje. Hakujua. Aligonga, Hilje akafungua, na sebuleni watu walikuwa wamekaa duara kama ilivyo desturi, kiti kwa kiti, kila mtu na keki yake magotini. Sasa mtu ukiingia kwenye duara kama lile huna ujanja. Unaanzia wa kwanza, unampa mkono kila mmoja mpaka wa mwisho, na kila mmoja unampongeza kwa kuwa mwenzenu amezaliwa. Yule mwenye siku yake unampongeza, dada yake unampongeza, mume wa dada unampongeza, na jirani unampongeza, ingawa jirani hakuchangia lolote katika kuzaliwa huko.

Bwana Hoving, na mafaili yake kwapani, akazunguka. "Hongera, hongera, hongera." Alipofika kwa Martje, dada yake Hilje, mwanamke wa maneno, akashikwa mkono usiachiwe.

"Na wewe, baba, ni wa upande gani?"

"Wa pensheni," akajibu.

"Aa, kumbe mlifanya kazi pamoja! Hongera kwa Hilje! Jamani, msogezeeni kiti. Mbona umekonda hivyo, pensheni hawawalishi?"

Wakamkalisha kati yangu na Fenna. Akapewa keki. Akawa amekaa na sahani juu ya mafaili, asijue aandike au ale, akaamua kula. Na katika kula huko ndipo alipowasikia wageni, kila anayeingia, wakinishika mkono mimi wakisema, "Hongera kwa Hilje, Wubbo." Hilo ndilo aliloliandika: kwamba "jamaa na majirani wanampongeza mhusika kama mtu wa nyumba".

Hajaandika kwamba yeye mwenyewe alipongezwa na watu wale wale, kwa maneno yale yale. Martje alimpongeza alipoingia na akampongeza tena alipotoka, na mara ya pili alimfungia keki ya kupelekea nyumbani. Mimi Martje hajapata kunifungia keki. Kama hongera ni ndoa, Ndugu Mkuu, basi siku ile mkaguzi wako alioa, na alioa vizuri kunishinda.

6. Kuhusu biskuti, na hapa nakuomba usome taratibu kwa kuwa ndipo penye ushahidi wangu mkubwa.

Jinsi ya kumjua mgeni na mwenyeji, katika nchi yetu, haihitaji mita ya maji. Unatazama kopo la biskuti. Mgeni akija, kahawa inamiminwa, kopo linafunguliwa na mwenye nyumba, linapitishwa, kila mtu anachukua biskuti moja, na kopo linafungwa. Ule mlio wa kifuniko kila mtu anaujua maana yake. Mwenye nyumba peke yake ndiye anayeweza kunyoosha mkono akafungua kopo bila kuulizwa.

Nilipokuwa na marehemu Geesje, kopo lilikuwa langu na lake. Nilizama mle mpaka zile zilizovunjika za chini. Kwa Hilje, tangu ule mfereji ulipoganda mpaka mliponiandikia, sijawahi kulifungua. Nakaa, nangoja, napewa moja, kifuniko kinalia, nabaki naitazama picha ya kinu cha upepo iliyo juu yake. Siku moja nilijaribu kunyoosha mkono kwa mzaha. Hilje akanichapa kwa kijiko.

"Wee mzee! Umeniona nimekufa?"

"Moja tu, Hilje."

"Moja umekwisha kula. Hii si hoteli."

Sasa niambie. Mwanamume anayechapwa kijiko kwa ajili ya biskuti ya pili ni mwenye nyumba? Nenda kwako jioni ya leo, Ndugu Mkuu, fungua kopo mwenyewe bila kuomba. Usipochapwa, basi una mwenzako, kata pensheni yako siku ikifika. Ukichapwa, rudi ofisini uandike kwamba Wubbo Drenth ni mgeni.

Nakiri nimewahi kuchukua ya pili Hilje akiwa amesinzia kwenye kiti. Lakini huo ni wizi, na wizi unanitetea. Mtu haibi kwake.

7. Kuhusu kutunzana.

Neno hili limo katika barua yenu mahali pengi, na nadhani aliyeliandika hajapata kutunzwa na Hilje.

Hilje alipovunjika nyonga, ni kweli nilihamia kule kwa muda, na ni kweli muda ule haujaisha vizuri. Nilimpikia viazi vya kuponda na sukumawiki, na soseji juu yake. Alipoonja kijiko cha kwanza alisema, "Wubbo, hospitali walijaribu kuniponya, wewe unataka kumaliza kazi." Hayo ndiyo matunzo? Nilimvalisha soksi zile za kubana, ambazo kuvalisha kwake ni kama kumrudisha nyoka ndani ya ngozi yake, na alinitukana toka kisigino mpaka goti. Akanifundisha kupiga pasi kwa kunielekeza na mkongojo akiwa kitandani. Nami kifua kilipobana, alinikalisha mbele ya supu ya njegere nzito inayosimamisha kijiko, akasema sitainuka mpaka niimalize. Nikasema siwezi. Akasema, "Basi kufa, lakini umalize." Nikamaliza. Nikapona.

Tukicheza karata ananiibia. Akishinda anaimba. Nikisema jambo kanisani ananikanyaga. Kofia yangu ya zamani, ambayo nilikuwa nayo kabla yake na kabla ya Geesje, aliitia kwenye pipa la takataka akanifumia nyingine kwa sufu ya kijivu, akanivisha kwa nguvu mpaka masikioni mbele ya Fenna. Hebu tafuta katika sheria zenu mahali ambapo vita vinaitwa matunzo.

8. Madai yangu.

Kwa kuwa sasa ushahidi wenu umelala chini, nadai yafuatayo.

Kwanza, pensheni yangu ya mtu mpweke irudishwe, tena iongezwe. Nimelifikiria jambo hili kwa makini katika baridi ya nyumba yangu. Mtu wa kawaida anaishi peke yake katika nyumba moja. Mimi naishi peke yangu kwangu, na kwa Hilje pia, kwa mujibu wa kopo, ni mgeni asiye na mtu. Kwa hiyo naishi peke yangu mara mbili. Upweke wa nyumba mbili ulipwe kwa nyumba mbili.

Pili, mchunguzeni Bwana Hoving. Alikaa garini jioni kadhaa mbele ya nyumba ya Hilje akitazama dirishani mpaka Hilje akaona huruma akampelekea kahawa. Jioni hizo mimi nilikuwa nikitazama karata. Aliyekuwa akimtazama Hilje ni yeye. Amekula keki yake, ametumia choo chake, anajua siku za kuzaliwa za ndugu zake wote. Kama kuna mwanamume aliyehamia kwa Hilje Wiersum mwaka huu, ni huyo.

Tatu, iwapo ofisi haiwezi kulala bila kuniweka na mwanamke, niwekeni na Fenna Bolhuis. Fenna ana kioo kidogo nje ya dirisha lake ambacho kinamwonyesha mtaa mzima pasipo kunyanyuka kitini. Anajua naamka lini, nala nini, nimevaa shati gani, na nilikwenda wapi. Ni yeye aliyewaandikia ninyi, hajaficha, ameniambia mwenyewe: "Nilidhani kuna zawadi, Wubbo." Hilje hajui nusu ya mambo yangu. Fenna anayajua yote na hanipendi. Kama huko siko kuwa mke na mume, sijui ni nini.

Nne, na hili ndilo la mwisho na ndilo zito. Mmesema watu wakiendesha nyumba moja na kutunzana, wao ni wamoja. Haya. Nani anayejua kipato changu chote? Ninyi. Nani anayeniletea fedha kila mwezi bila kukosa? Ninyi. Nani anayehesabu maji yangu, anayeuliza habari za meno yangu, anayetaka kujua nimelala wapi na nani, na asiporidhika ananiandikia kwa herufi nzito? Hata marehemu mke wangu hakunifuatilia hivyo. Ndugu Mkuu, nimepima na kupima, na naona hakuna njia nyingine ya kuisoma sheria yenu: mimi naishi na ofisi yako. Tumo nyumba moja, mnanitunza, mna wivu. Kwa hiyo anayepaswa kupunguziwa ni wewe. Sikuombi fedha hizo, nakuomba tu uone aibu kidogo, halafu uandike barua fupi kwa Hilje, yenye muhuri, isemayo: "Wubbo Drenth si wako." Aisome, afungue pazia, nirudi.

Nakuachia hapo, nikiwa na imani na haki yako na afya yako. Nisalimie wote hapo ofisini, yule dada wa mapokezi anayesema "subiri kidogo" kwa sauti nzuri, mlinzi, na yeyote aliyepiga chapa barua yetu kwa maana hakukosea hata nukta. Bwana Hoving msalimie kipekee na umwambie Martje ameuliza kama keki ilifika salama.

Wako katika upweke,
Wubbo Drenth,
Oldehuizen.

N.B. Usiifanyie kazi barua hii. Nilikuwa nimekwisha kuilamba bahasha, na gundi yake ni mbaya, hapo Hilje alipofika. Alikuja kwa baiskeli mvuani, ingawa ni nyumba tatu tu, maana nyonga yake ile haitaki kutembea, akaingia bila kugonga. Hajapata kuingia kwangu kabla. Alisimama akatazama jiko lililozima, akanitazama nikiwa nimevaa koti ndani ya nyumba, akasema, "Lete nilione hilo liandiko lako kabla hujatutia jela."

Akaifungua bahasha akasoma amesimama. Kwenye meno alicheka mpaka akakaa. Kwenye Hoving aliyeoa alipiga meza. Nikajua nimeshinda, nikaanza kutafuta viatu. Halafu akafika pale nilipokutaka uandike kwamba mimi ni mgeni. Akarudia kusoma, kidole chake kikiwa juu ya mstari.

"Mgeni, Wubbo?"

"Ni kwa ajili ya serikali tu, Hilje. Wewe ndiye uliyetaka."

"Najua nilitaka. Sasa nieleze. Siku nikifa, kanisani utakaa wapi? Huko nyuma, na Fenna? Martje apewe pole, wewe upewe kahawa na kipande cha keki, urudi kwako?"

Nilitafuta hoja ya kumjibu, Ndugu Mkuu. Nilikuwa nazo saba na hakuna hata moja iliyofaa. Nikamwambia ningekaa mbele, wakitaka wanitoe kwa polisi. Akasema, "Basi acha kuandika upuuzi." Akavua koti lake lililolowa akalitundika juu ya langu, kwa kuwa msumari ni mmoja. Akasema Jumanne asubuhi manispaa wanafungisha ndoa bure kwa watu wasiotaka mbwembwe, na yeye mbwembwe hazitaki. Nikamuuliza, "Na pensheni?" Akasema, "Wakate. Tutapasha moto nyumba moja badala ya mbili, na wewe utapunguza kula." Nikasema sawa. Nilisema sawa upesi mno, akanicheka.

Kwa hiyo yote aliyoandika Bwana Hoving ni kweli, hata lile tufaha. Tuandikeni pamoja, na mkate kwa raha zenu.

Ila nina ombi moja. Ndoa inataka mashahidi wawili. Martje ni wa kwanza, na hajanyamaza tangu aambiwe. Wa pili hatuna, kwa kuwa wanaume wa rika langu waliobaki hawasikii, au Jumanne asubuhi wana daktari. Sasa, mara ya mwisho Bwana Hoving alipokuja kutukagua alikuja kwa baiskeli, na alipotoka akakuta tairi limetoboka, mvua inakuja, mafaili mkononi. Mimi, mzee niliyekaguliwa, nilipiga magoti barabarani nikalitia kiraka. Akasema, "Nina deni kwako, Mzee Drenth." Nalidai. Mpe ruhusa Jumanne, afunge tai, afike manispaa mapema. Hana haja ya kujiandaa: atie tu sahihi yake mbele ya msajili kwa yale yale aliyokwisha kukuandikia wewe, na safari hii sitambishia.